Visu Kumi na Viwili kwa Kisu Kimoja

Jumatatu, 8 Juni 2015. Bwera.

Sylivia ameondoka. Saa mbili asubuhi, juu ya bodaboda, na sanduku lake la bati mapajani. Nilisimama mlangoni nikimwonyesha jinsi kisu cha kukunja kinavyofunguka. Kilifunguka vizuri sana. Hakuangalia.

Niandike yote kwa utaratibu, ili siku moja mtu mwenye akili asome aone nani alikosa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu baba mkwe husoma Lhukonzo tu.

Ijumaa iliyopita niliingia dukani kwa Semakula. Huyu ni askari mstaafu, Muganda, ana duka la vyombo mkabala na kibanda changu cha tochi na betri. Sare alirudisha jeshini, amri akabaki nazo. Watu wote humwita afande. Juu ya meza yake palikuwa na katoni ya visu vya kukunja, kumi na viwili, mipini myekundu. Kila kimoja kina kisu, kifungua chupa, msumeno mfupi, na waya uliojisokota kama mkia wa nguruwe, ambao hata afande hajui kazi yake. Nikavitamani papo hapo. Yeye akasema hataki pesa. Anataka kile kisu cha jikoni alichokiona kwangu siku ya Pasaka, kile kirefu cheusi, kilichofuliwa na mhunzi wa Kyondo kutoka kwenye springi ya lori.

Kumi na viwili kwa kimoja. Mtoto wa darasa la pili angejua nani kapata faida hapo.

Ni kweli kisu kilikuwa cha Sylivia. Ni kweli mama yake alimpa kabla ya kufariki, na ni kweli hakuachiwa kitu kingine. Lakini alikuwa nacho kimoja tu, mimi nikamletea kumi na viwili.

Siku tatu nilimwambia kipo kwa mnoaji. Leo asubuhi akauliza tena, kwa upole ambao sasa naelewa ulikuwa wa hatari: "Nobert, kisu ya mama iko wapi?" Nikamfungulia katoni. Akaitazama. Hakulia, hakugomba. Alisema tu, "Wewe uko mutu ya namna gani?" halafu akaenda kutafuta sanduku.

Jioni Asuman akapiga simu. Asuman ni baba yake mdogo Sylivia, mnunuzi wa kahawa Kinyamaseke, na katika ukoo ule mzima ndiye peke yake anayenipenda. Alisema mzee Yowasi, baba mkwe, ameita kikao Kyondo, Jumamosi saa saba mchana. Niende na kisu. Nikikosa kisu, niende na maneno mazito sana. Nikikosa vyote viwili, Sylivia atabaki kwao, na hawasemi wiki mbili au tatu. Atabaki. Asuman akaahidi kuwa yeye atasimama wa kwanza kunitetea.

Siku tano. Naogopa. Nimeliandika neno hilo, sasa tuendelee na mpango.

Mpango: siendi Kyondo kuomba msamaha. Naenda na ushahidi. Nitavijaribu visu hivi kwa kila kazi ya nyumbani, nivipe alama juu ya kumi, nisome matokeo mbele ya wazee. Wataona wenyewe kwamba binti yao amekimbia utajiri.

Jumanne, 9 Juni.

Sikukuu ya Mashujaa, Uganda nzima. Maduka yamefungwa nusu. Siku nzuri ya kazi.

Jaribio la kwanza: kumenya matoke. Kisu Na. 1. Nilikaa nje mlangoni ili nipate mwanga, hilo lilikuwa kosa. Mwanaume anayemenya matoke barazani mwake Bwera ni sinema. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na majerikeni waliyatua chini wakakaa juu yake. Nilimenya ndizi kumi na tano kwa saa mbili. Ziliingia kwenye sufuria zikiwa nyembamba kama kidole gumba, nyama iliyobaki ilikwenda na maganda. Utomvu uliingia kwenye kiungo cha kisu. Kikakataa kujikunja. Nilipokilazimisha kikajikunja, na sasa kimekataa kufunguka.

Eseri, mke wa Semakula, naye alipita. Akauliza kama Sylivia anaumwa. Nikasema amekwenda kuwasalimu wazazi. Akatazama ndizi zangu, akatazama kisu, akasema nimsalimie.

Alama: sita. Nne za kisu, mbili za ujasiri wangu.

Nilipopakua ndipo nikaona nimepika chakula cha watu wawili. Sijui cha mtu mmoja kinapimwaje. Nyumba ilikuwa kimya mno, nikala haraka nitoke nje.

Jaribio la pili: kukata mche wa sabuni. Sylivia huukata vipande sita sawasawa, tap tap tap, huku anaongea mambo mengine. Kisu Na. 2 nilikiweka juu ya sabuni nikakandamiza. Kisu kikaegemea upande, kikajikunja kinyume na maumbile yake, na msumari wake ukaruka ukazama kwenye pipa la maji. Sabuni haikukatika. Alama: tatu.

Saa kumi akaja Semakula, ametoka kwenye sherehe za sikukuu, koti la suti na nishani mbili kifuani. Alifunga mlango nyuma yake. Akaniambia kwa sauti ya chini, na kwa Semakula sauti ya chini ni jambo la kutisha, kwamba amesikia habari za Sylivia na amejua sababu. Eseri hajui. Eseri ameambiwa kile kisu kilinunuliwa ng'ambo, Kongo. Siku Eseri atakapojua kwamba anamenyea kwa kisu cha marehemu mama wa mwenzake, Semakula hatakuwa na pa kulala.

"Sikia. Lete katoni yangu, visu kumi na mbili, yote mzima. Utabeba kisu yako. Mwisho Ijumaa saa tatu. Kwisha."

Nikasema ndiyo, afande. Alipotoka nikavitazama Na. 1 na Na. 2 juu ya meza. Laiti angekuja kabla ya chakula cha mchana.

Jumatano, 10 Juni.

Mtu mwingine angeacha majaribio. Mimi nilitaka kwanza kutengeneza.

Na. 1 nilikichemsha majini na majivu ili utomvu utoke. Utomvu haukutoka, ila rangi ya mpini ilianza kutoka. Na. 2 ilihitaji msumari. Ili nijue msumari huo ukoje, nikafungua Na. 3. Ndani kuna springi ndogo. Nasema kuna, nilipaswa kusema ilikuwapo. Iliruka ikapita dirishani, nikatambaa kwenye majani ya boga nusu saa nzima. Niliona konokono wawili na kijiko changu kilichopotea mwaka jana.

Kwa hiyo sasa vitatu. Nikakaa kufikiri, na fikira ilinijia waziwazi: afande anataka kumi na viwili. Tisa si kumi na viwili. Vinane pia si kumi na viwili. Basi hata nikiendelea kujaribu siharibu kitu.

Jaribio la tatu: kukata kamba ya gunia la makaa. Kisu Na. 4. Kikapita kwenye kamba mara moja, fyu, makaa yote yakamwagika miguuni. Sijawahi kufurahi hivyo tangu Jumapili. Nilitaka kumwita Sylivia aone. Nilishafungua mdomo. Kumi juu ya kumi.

Jaribio la nne: kukata jerikeni kuukuu liwe beseni. Kisu Na. 5. Ncha ilivunjika ikabaki ndani ya jerikeni, na jerikeni likabaki jerikeni. Alama: moja.

Vizima vinane. Asuman alituma ujumbe kuuliza kama kisu kimepatikana. Nikamjibu kwamba kinapatikana. Siyo uongo. Najua kabisa kilipo.

Alhamisi, 11 Juni. Kasese na kurudi.

Nimeamka na suluhisho. Kama visu vinne vimekufa, vinatafutwa vinne vingine. Nilikwenda Kasese na teksi ya alfajiri, na tochi nane za kubadilishana. Duka la kwanza hawana. La pili wana visu vya mezani. La tatu, karibu na kituo cha zamani cha treni, mwenye duka alitoa vinne kutoka chini kabisa ya sanduku. Ndivyo vyenyewe! Springi ileile, msumeno uleule, hata mkia wa nguruwe. Ila mipini ya kijani.

Nilisimama pale kwenye jua nikiwa navyo mkononi. Halafu nikakumbuka kuwa Sylivia amesahau kichupa chake cha rangi ya kucha dirishani. Nyekundu. Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Wakati wa kurudi nilishuka Kinyamaseke. Nikanunua samaki wawili kwa mama mmoja aliyetoka ziwani Kahendero, kisha nikapita ghalani kwa Asuman. Alikuwa anachagua kahawa, akaniwekea gunia nikalie. Alinitia moyo. Kaka yake Yowasi ni mkali wa maneno, alisema, lakini akishashiba hulegea, kwa hiyo nisiende mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi. Nipeleke jogoo mnene. Yeye mwenyewe atamchinja, kama anavyowachinjia siku zote tangu aliposilimu, ili Wakristo na Waislamu wa ukoo ule wale sahani moja. Wiki ijayo Ramadhani inaanza, akasema, na tangu Pasaka hajaonja kuku wa maana. Tutakula, halafu yeye atasimama kusema. Nikaandika kwenye kiganja: jogoo mnene.

Nyumbani nilijaribu Na. 6 kwa samaki. Magamba yalitoka vizuri, mengine bado yako kwenye nyusi zangu. Alama nane. Kisu kinanuka, lakini kinanuka samaki, kwa hiyo ni ushahidi wa kazi.

Kisha nikapaka rangi mipini minne, tabaka juu ya tabaka mpaka kichupa kikaisha. Nimeianika kwenye sahani. Mkono wangu umetulia kama wa fundi wa saa. Kesho saa tatu nitakuwa na kisu cha mama mkwe.

Ijumaa, 12 Juni. Siku ya soko.

Saa tatu kasoro robo nilikuwa dukani kwa afande na katoni. Soko limejaa mpaka barabarani, watu wa Kongo na vitenge vyao, jua tayari kali. Semakula alinipeleka nyuma ya rafu. Akavitoa visu kimoja kimoja, akifungua, akifunga, akichungulia kama anakagua bunduki. Kimoja. Viwili. Vinane vya kwanza vilikuwa vizima, ila kwenye Na. 6 alikunja pua. Cha tisa kilikuwa cha rangi. Akakishika, akakifungua, akakifunga. Akakiweka. Nikaanza kupumua. Cha kumi. Cha kumi na moja akakigeuza mkononi muda mrefu, jasho linamtoka, halafu akafungua kiganja.

Kiganja chote chekundu.

Mtu huyu amepigana vita viwili. Aliona wekundu ule akapiga ukelele kwamba amekatika, Eseri alete kitambaa. Eseri akaja mbio. Akafuta. Hakuna jeraha. Akafuta tena, akanusa kitambaa, akasema hii ni rangi ya kucha. Akanitazama mimi. Akamtazama mume wake. Akauliza kwa nini visu vimepakwa rangi ya kucha, na kwa nini sisi wanaume wawili tumejificha nyuma ya rafu.

Semakula hakuweza kusema ukweli mbele yake. Wala mimi. Kisha afande akapata sauti yake ya jeshini: "Hii mali hapana. Beba takataka yako. Toka." Nikabeba. Eseri akatikisa kichwa akarudi jikoni, akauacha mlango wazi.

Nikakiona. Kisu cha Sylivia. Eseri alikuwa na muhogo mnene kama mkono wangu, akaupiga mara moja tu, ukagawanyika pande mbili safi, akachukua mwingine. Niliangalia mihogo mitatu. Nilikumbuka Sylivia akikipitisha kwenye jiwe kila Jumamosi, taratibu, akiimba zile nyimbo za mama yake. Niliona aibu. Nayo ilidumu kweli kweli, mpaka nilipofika stendi ya bodaboda.

Stendini nikawaza: mimi si nina Na. 4? Kumi juu ya kumi. Na vizima vyote vikihesabiwa, vya rangi na vya asili, bado ni kumi na viwili. Wazee watakapoviona kwa macho yao vikifanya kazi kikaoni, itakuwa tofauti na kusomewa alama. Nimenunua jogoo. Mnene, mweusi, mwenye dharau.

Jumamosi, 13 Juni. Kyondo.

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nilifika saa saba kasorobo. Bodaboda ilinishusha chini ya kilima, nikapanda kwa miguu kati ya mibuni na jogoo kwapani. Wazee walikuwa wamekaa uani, sita, mzee Yowasi katikati na fimbo yake. Sylivia alikuwa mlangoni kwa jikoni. Amevaa gauni lake la bluu. Hakunisalimia, lakini hakuondoka, na nilipopita aliangalia mikono yangu kuona nimebeba nini. Jogoo na katoni. Akaangalia chini.

Asuman peke yake aliinuka kunipokea. Akamshika jogoo tumbo, akasema huyu ni jogoo. Akaniambia nisiseme neno mpaka tule. Kisha akaomba maji, akaenda nyuma ya nyumba kunawa, na kuswali kwanza, maana adhuhuri ilikuwa imeingia.

Tukabaki. Mzee Yowasi akauliza kisu kiko wapi. Nikasema, mzee, nimeleta kumi na viwili. Akauliza tena, polepole, kisu cha mke wake kiko wapi. Wazee wote wakanitazama. Sylivia naye. Nikatoa daftari nianze kusoma alama, mzee akainua mkono: hakuita kikao ili asomewe.

Kama hawataki kusikia, basi waone. Hiyo ndiyo fikira iliyonijia. Kazi ni moja inayojulikana na kila mtu, na jogoo yuko palepale amefungwa miguu. Nikafungua Na. 4. Nikamkanyaga mabawa, nikakata.

Hakikukata. Kamba ya gunia haina manyoya. Nikakandamiza, kisu kikajikunja juu ya kidole changu cha shahada, mimi nikapiga kelele, jogoo akapiga kelele, akaponyoka na shingo imechanika nusu akapita katikati ya wazee. Nikamkamata chini ya kiti cha mzee Yowasi. Nikammaliza kwa Na. 7. Ilichukua muda. Sitaandika muda gani.

Nilipoinuka nikiwa na jogoo mkononi, wazee walikuwa wanatazama nyuma yangu. Asuman alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mikono yake bado ina maji, kisu chake kidogo kimefungwa kwenye leso.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aliuliza tu, "Nobert, umechinja wewe?" Nikasema ndiyo, baba. Nikaongeza kwamba ilikuwa majaribio. Akatazama jogoo, akasema, "Basi mimi sina nyama hapa." Akakunja leso yake upya, akaiweka mfukoni.

Mzee Yowasi alisimama kwa fimbo. Alisema katika ua huu miaka ishirini hakijaliwa kitu ambacho ndugu yake hawezi kula, na hakitaanza leo. Na hata yeye Mkristo, alisema, haweki mdomoni mnyama aliyeteswa namna ile. Jogoo akatupiwa mbwa. Tukala bundu, ugali wa muhogo, kwa sombe ya majani yake, bila nyama, bila maneno. Mbwa tu ndiye aliyefurahia ziara yangu.

Baada ya chakula ulifika wakati wa Asuman kusimama. Hakusimama. Alisema hana la kusema leo, moyo wake umechoka, akaaga, akashuka kilima kwa miguu.

Hukumu ilikuwa fupi. Sylivia anabaki. Jumanne vyombo vyake vitafuatwa Bwera.

Nilipokuwa natoka Sylivia alinipa kitambaa cha kufunga kidole. Alinipa bila kunishika mkono. Alisema baba mdogo alikuwa upande wangu, tena yeye tu, na mimi nimemnyima chakula. Nilitaka kusema kitu cha maana. Nikamwambia kwamba Na. 6 ilipata nane.

Jumapili, 14 Juni.

Sikwenda kanisani. Kidole kimevimba. Asuman hapokei simu, nimepiga mara nne.

Nimesoma majaribio yangu tangu mwanzo. Ukiondoa matoke, sabuni, jerikeni na kuku, visu hivi ni vizuri.

Nimelala kitandani mchana kutwa nikitazama dari. Jana jioni nilipika tena matoke ya watu wawili, nimeshindwa kuyamaliza. Sitaki vyombo vyake viondoke. Sitaki yeye aondoke. Ningempa Semakula kibanda kizima na tochi zote, lakini ananikimbia sasa, akiniona anaingia ndani anafunga.

Jumanne, 16 Juni.

Kidole bado kinauma lakini lazima niandike.

Nilitegemea kaka zake na lori. Akaja mwenyewe, peke yake, saa nne, kwa miguu kutoka stendi. Na kutoka stendi mpaka kwangu lazima upite mbele ya duka la Semakula, na Eseri alikuwa amekaa nje anamenya matoke.

Mimi niliona kutoka kibandani. Sylivia alisimama. Alikitambua kisu akiwa hata hajavuka barabara. Akavuka. Wakasalimiana kwa muda mrefu, habari za nyumbani, habari za wazee, habari za mashamba. Kisha Sylivia akauliza kile kisu amekipata wapi. Eseri akasema Kongo, mume wake alikileta. Sylivia akamwomba akigeuze aone chini ya mpini. Kuna alama pale, msalaba mdogo ambao mama yake alimwambia mhunzi autie. Eseri akakigeuza. Akauona.

Halafu akakifuta kwenye gauni lake, akakiweka kwenye kikapu juu ya ndizi zilizokwisha kumenywa, akampa Sylivia kikapu chote. Hakuna aliyedai kitu. Majadiliano yote hayakuchukua muda wa kuchemsha chai. Mimi nilitumia siku nane, visu vinne, tochi nane na kidole.

Yaliyompata Semakula ndani ya duka siyajui vizuri, ila milango ilifungwa na afande hakusikika akitoa amri yoyote mpaka jioni.

Sylivia akaingia nyumbani. Akaona sabuni iliyopondwa, jerikeni lenye ncha ya kisu ndani, magamba ya samaki ukutani, makaa sakafuni. Akaona sufuria ya asubuhi. Akauliza kwa nini matoke ni mengi hivi. Nikamwambia sijui kupika ya mtu mmoja. Mimi nililia, nasema ukweli, nililia kama mtoto na kidole kimefungwa leso, nikasema nilikuwa naogopa tangu Jumatatu ile. Akasema hata yeye.

Akakaa. Akasema maneno mawili. La kwanza, nitakwenda kwa Asuman kuomba msamaha, nimpelekee jogoo mzima, mwenye shingo yake. La pili, niape mbele ya Mungu kwamba hakuna kitu chake kitakachotoka tena katika nyumba hii bila yeye kujua. Nikaapa kwa mikono yangu yote, mmoja na nusu. Akatoa kisu kikapuni, akakata sabuni iliyobaki. Vipande sita.

Alhamisi, 18 Juni.

Furaha. Sylivia amerudi wiki hii na ameimba jikoni jana na leo. Jogoo nilimfikisha Kinyamaseke jana, mzima kabisa, Asuman akampokea kwa mikono miwili, akamchinja mwenyewe, akala kabla ya mfungo. Leo ametuma ujumbe kwamba ameanza kufunga na kwamba ananiombea, na ni dua ndefu kuliko zote alizonazo. Visu vyote nimempa Semakula bure. Hakusema asante, lakini hakufunga mlango.

Nimejifunza mengi. Kosa langu, sasa naliona wazi, lilikuwa kubadilisha kitu cha mtu mwingine. Kiapo changu kinasema hivyohivyo: kitu chake. Nami ni mtu wa kiapo.

Leo asubuhi nilikuwa Mpondwe, mpakani, na ng'ambo kuna Mkongo ana kitanda cha chuma. Kinakunjwa mara tatu. Ukikikunja kinasimama nyuma ya mlango, nyumba yote inakuwa wazi, unaweza hata kucheza dansi. Sijaona kitu kama hicho maishani. Hataki pesa. Anataka kitanda cha mbao, cha kazi nzuri, kama kile tulichochongewa na seremala siku ya harusi yetu.

Kile si chake. Kile ni chetu, wote wawili, na nusu ya ukutani ni yangu kabisa. Nimelipima hilo neno kwa neno na sioni linapovunja kiapo.

Mkongo anasema nikilete kesho saa tatu. Sylivia anakwenda shamba saa mbili.